Kitanzi, Meza ya Karani

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumai kifua kimekuachia na mkaza mjomba hajambo. Huku sisi wazima. Goti la Mama bado linamsumbua kwenye ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayefua. Mdogo wangu amefaulu hesabu kwa mara ya kwanza. Tuliikagua karatasi mara mbili tusije tukawa tumeletewa ya mwenzake. Mimi huu ni mwezi wa nne masjala ya viwanja, ofisi ileile aliyofanyia kazi Mama, na kwa kweli meza ileile. Amenipa kikombe chake cha bluu chenye mpini uliounganishwa kwa gundi nikinywee chai huko.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu ipo. Ndilo jambo lenyewe. Tafadhali usinijibu kwa simu, wala usinitumie ujumbe.

Wiki iliyopita alikuja fundi mpya wa mitandao. Wote tunamwita Waya, na mwenyewe anaitika. Ana kalamu sikioni, ana daftari la jalada jekundu, na ana kiburi cha Kiswahili: hataki kutamka neno la kiufundi la watu mpaka alibandike la kwake. Nilikuwa najaza maji kwenye birika nikamsikia akiongea na Mkuu wa ofisi.

"Mlango wa nne nimeshaufanya kioo cha mlango wa kumi na moja," alisema. "Kila kinachopita kumi na moja utakiona."

Mkuu akauliza, "Na mwenyewe hatajua?"

"Atajulia wapi?"

Mjomba, chumba cha Mkuu kimeandikwa 4. Masjala imeandikwa 11.

Nimeukagua mlango wetu juu hadi chini. Nimegonga mbao nikisikiliza kama kuna uwazi. Tundu la ufunguo nimeliziba kwa karatasi. Kile kioo kidogo cha kuchania nywele kilicho nyuma ya mlango nimekigeuza uso ukutani, na mpiga chapa, ambaye tunakaa naye chumba kimoja, akaniuliza kama nimegombana na sura yangu. Nikajifanya natafuta faili. Unajua alichomfanyia Mama. Miaka tisa sasa tangu amchongee kwa Mkuu huyuhuyu hadi Mama akafukuzwa, na Mama kaniusia nisimwambie hata saa ngapi. Mkuu hajui mimi ni mtoto wa nani, maana nimeandikishwa kwa jina la ukoo wa baba. Mpiga chapa sina hakika. Huwa anakitazama sana kile kikombe.

Wewe umefunga mitandao maisha yako yote. Je, kuna kioo cha namna hiyo, kinachotazamika upande mmoja tu? Kinaonekanaje?

Bahasha nimeipaka gundi mara mbili na chini ya kifuniko nimelaza uzi mweusi. Usipoukuta, nijulishe.

Mpwa wako

*

Alhamisi, 20 Machi

Bi Tahadhari,

Marahaba, mwanangu. Uzi wako umefika salama. Mkaza mjomba wako ameushonea kifungo cha shati langu, kwa hiyo siri za serikali sasa zinanifungia kola. Kifua kinanipa nafuu mchana na kunikumbusha alfajiri. Mpe pole mama yako, na umwambie mdogo wako kwamba hesabu aliyofaulu asiiache ikatoroka.

Kigeuze kioo chako, uchane nywele. Mlango anaousema Waya hauna bawaba. Kuna sanduku la chuma liitwalo swichi, lenye matundu yaliyopangwa safu kama vifungo vya koti. Kila tundu huingia kebo moja, na kila kebo huenda meza moja. Tundu hilo sisi wengine huliita poti. Yeye kaona aliite mlango, na si jina baya.

Zamani tulitumia sanduku jingine, habu. Habu lilikuwa kama mmbea wa mtaa: unalipatia neno la mtu mmoja, linalitangaza nyumba nzima, na wasiohusika wanatakiwa wajifanye hawakusikia. Swichi ina adabu. Kila kompyuta hutoka kiwandani na anwani yake, kama alama ya kuzaliwa. Siku inapotuma neno la kwanza, swichi inaandika kwenye jedwali lake: anwani hii iko mlango wa kumi na moja. Baada ya hapo, kinachokuja kwa anwani hiyo kinapelekwa mlango huo peke yake. Ikiletewa anwani isiyoijua, hapo tu ndipo inapobisha milango yote. Mwenyewe akiitika, inamwandika.

Na barua ya kompyuta haisafiri nzima. Hukatwa vipande, kila kipande na bahasha yake, na juu ya kila bahasha pana anwani mbili, ya aliyetuma na ya anayepokea. Kasoro uzi mweusi.

Namba za milango kulingana na za vyumba si jambo la kutisha. Aliyefunga mara ya kwanza alifuata vyumba ili asipotee. Na kama lile kabati la chini ya ngazi bado linavujiwa, mwambie Waya swichi aiweke rafu ya juu.

Hilo la kioo ni maneno tu ya mafundi. Usilitie akilini. Kazi njema.

Mjomba wako

*

Jumatatu, 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, goti ni lilelile. Mdogo wangu anaumwa jino.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza habu, ambalo sikuliuliza. Umenieleza swichi na anwani na vipande, nami nakushukuru, nimeelewa. Lakini kioo, ambacho ndicho pekee nilichokuuliza, umekipa mstari mmoja.

La pili. Mimi sikukuandikia kwamba ofisini kuna kabati chini ya ngazi. Sikukuandikia kwamba linavujiwa. Nilikwenda kulitazama: lipo, na rafu ya chini ina alama za maji ya zamani. Nikamuuliza Mama kama uliwahi kufika pale. Alisema, "Kaka yangu? Hajapakanyaga hata siku moja. Nilimwomba mara ngapi aje aone nilipo, akasema kazi zimembana." Sikumwambia kwa nini niliuliza.

La tatu ndilo kubwa. Faili la kiwanja cha mjane mmoja limebadilishwa ndani ya kompyuta. Jina lake limefutwa, likawekwa la mtu mwingine. Kumbukumbu za kompyuta kuu zinasema aliyeingia na kubadilisha ni mimi, kwa jina langu na neno langu la siri, Jumatano tarehe 2 Aprili, saa sita na robo mchana. Neno hilo sijamwambia mtu yeyote na sijaliandika popote. Kamati ya uchunguzi itakaa Ijumaa tarehe 30 Mei. Nikionekana na hatia nitafukuzwa kama Mama, na mimi nitapelekwa polisi juu yake.

Siku ile sikuwepo. Niliondoka ofisini kabla ya saa tano asubuhi bila kuaga na sikurudi mpaka Ijumaa. Mkuu ananiuliza kila akipita, "Asiye na hatia anakimbia nini?" Anauliza kwa upole sana. Sababu ninayo, lakini siwezi kuitamka mbele ya kamati, na kwa sasa siwezi kuiandika hata kwako.

Mpiga chapa jana aliniwekea ndizi mezani. Sikuila. Nani anajua.

Mjomba, nani alikuambia habari za kabati?

Mpwa wako

*

Ijumaa, 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 22 Aprili. Jibu nimelianza mara nne, na mara nne nimelichana. Mkaza mjomba anauliza kama nimeanza kutunga mashairi.

Habari za kabati acha kwanza. Najua unavyolisoma neno hili, lakini acha kwanza, muda uliobaki ni mdogo.

Niandikie kwa nini uliondoka. Ulichoona, ulichosikia, neno kwa neno, na saa kama uliitazama. Usione haya. Na usibadilishe neno hata kama unaliona la kipuuzi, hasa hilo.

Mjomba wako

*

Alhamisi, 15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine. Sisemi kwamba nakuamini.

Asubuhi ya tarehe 2 niliwahi ofisini kufanya usafi. Chini ya meza yangu, ukutani, kuna matundu mawili ya kebo. Moja ni la kompyuta. Jingine lilikuwa tupu, na kando yake kebo fupi ililala sakafuni ikikusanya vumbi, ncha moja imechomekwa kwenye kile kisanduku kidogo cha pembeni ya meza yangu kinachogawa mtandao kwa kompyuta na printa. Siwezi kufanya kazi mahali pana kitu kinaning'inia. Ncha ya pili nikaichomeka kwenye tundu tupu, ikapendeza. Nalitaja hili kwa kuwa umesema nisiache kitu.

Kazi ilipoanza, kompyuta za ofisi nzima zikakwama. Watu wakatoka vyumbani wakipiga kelele. Baadaye Waya akaingia kwetu, akaweka daftari lake jekundu mezani kwangu likiwa wazi, akainama chini ya meza. Mimi macho yangu yana tabia mbaya. Nikasoma:

"4.10. Kitanzi, meza ya karani wa masjala. Kata."

Mjomba, nililisoma tena. Akatoka chini ya meza, akanikazia macho. "Wewe ndiye karani wa masjala?"

Nikasema ndiyo.

"Basi leo," akasema, "umeponea chupuchupu."

Nilitazama juu. Darini, juu kabisa ya kiti changu, kuna ndoano ya taa ya zamani. Taa yenyewe haipo. Nilichukua mkoba nikaondoka, kikombe cha Mama nikakiacha na chai ndani, na siku mbili sikutoka nyumbani. Mama nilimwambia ni tumbo.

Sasa nitaiambiaje kamati kwamba nilikimbia kwa sababu fundi ameandika kitanzi? Wataniuliza ni nani anayetaka kuninyonga, na kwa kosa gani, na hapo ndipo watakapolipata kosa lenyewe: faili la mjane.

Mpwa wako

*

Jumatano, 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimelipia posta ya haraka. Soma sehemu ya kwanza leo, sehemu ya pili ukiwa umekaa.

Kitanzi cha Waya si cha shingo. Wengine tunasema lupu. Ulipochomeka ile ncha ya pili, ulifanya njia ya duara: kutoka swichi, kuja kisanduku chako, kurudi swichi kwa mlango mwingine. Nilikuambia swichi ikiletewa anwani isiyoijua hubisha milango yote; neno la kupelekwa kwa wote nalo hulitoa vivyo hivyo. Neno hilo likatoka mlango mmoja, likazunguka mezani kwako, likarudi kwa mlango wa pili kama geni. Swichi ikalitoa tena, likarudi tena, maelfu kwa maelfu, mpaka njia nzima ikajaa neno moja na hakuna jingine linalopita. Wewe kwa usafi wako uliiziba ofisi nzima. Dawa yake ni moja: unatafuta meza yenye kitanzi na kuikata, yaani unaifungia milango yake yote kwenye swichi. "Umeponea chupuchupu" maana yake angekusemea kwa Mkuu na hakukusemea.

Sasa tulia uhesabu. Saa nne na dakika kumi meza yako ilikatwa. Saa sita na robo jina lako likaingia. Kwa kebo ipi? Mwulize Waya, mbele ya kamati, alikufungulia lini. Kama ulipotea siku mbili, hakuwa na haraka. Halafu mwombe asome kwenye kumbukumbu za kompyuta kuu, si jina la aliyeingia, bali anwani ya mashine iliyotumika, na aseme anwani hiyo inakaa mlango wa ngapi. Jina anaweza kulivaa mtu yeyote. Ile anwani watu wengi hawakumbuki hata kwamba ipo.

Sehemu ya pili.

Kioo ni hiki. Unaiamuru swichi kwamba kila kinachopita mlango fulani kinakiliwe na nakala ipelekwe mlango mwingine. Mwenye mlango haoni tofauti yoyote. Mfumo wenu ni wa zamani, unatuma neno la siri likiwa wazi kama lililoandikwa nyuma ya kadi ya posta isiyo na bahasha. Aliyekaa mlango wa nne alikuwa analisoma la kwako kila asubuhi.

Uliniuliza nani aliniambia habari za kabati. Swichi ya kwanza mle kabatini niliiweka mimi. Ilikuwa Jumamosi, ofisi imefungwa, Mkuu mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Milango niliipa namba za vyumba. Nilipomaliza akasema anataka kioo, cha nne kwa kumi na moja. Nilijiambia ni namba tu. Ila kebo ya kumi na moja niliivuta mwenyewe mpaka mezani, na mezani palikuwa na kikombe cha bluu chenye mpini mbovu. Gundi ile niliiweka mimi, jikoni kwa mama yetu, kabla wewe hujazaliwa.

Nilikisogeza kikombe pembeni nikamaliza kazi.

Mama yako alikuwa akimwandikia mtu mmoja, kwa kompyuta hiyo, mambo ya mafaili yanayopotea. Mwezi uliofuata Mkuu alimsomea maneno yake mwenyewe, nukta kwa nukta, akamfukuza. Aliyekuwa akijua habari hizo ni shoga yake mmoja tu, mpiga chapa. Mama yako alilia kwangu siku nzima akimlaani yule mwanamke, nami nikamshikia kitambaa. Tangu siku ile nimetafuta kazi za mbali.

Huyo mama hakumchongea mtu. Ndizi zake kula.

Hii sehemu usimsomee mama yako.

Mjomba wako

*

Jumatano, 4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Jino la mdogo wangu limeng'olewa, analizungusha kwenye kiberiti kuwaonyesha wageni.

Kamati ilikaa. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Aliniuliza nilikimbia nini nikasema, "Kitanzi." Nikaomba Waya asome ukurasa wa tarehe 2 Aprili. Akasoma.

"Kitanzi?" mwenyekiti akamgeukia. "Unataka kumfanya nini binti wa watu?"

"Mzee, hicho ni cha kebo!"

"Sasa kwa nini usiandike kebo?"

"Kwa sababu mimi ni Mswahili," akajibu Waya, na hata mimi nilicheka, nikaona aibu.

Alieleza kwamba meza yangu aliikata saa nne na kumi na kuifungua Ijumaa niliporudi. Mkuu akasema daftari si ushahidi, linaandikika wakati wowote. Ndipo mpiga chapa, ambaye hakuitwa kusema, akainua mkono. Alisema Jumatano ile mchana alihamia kompyuta yangu kwa kuwa yake ilikuwa ikikwama, akaikuta haina mtandao hata chembe. Akasema alikunywa na chai yangu isimwagike bure.

Nikauliza la anwani ya mashine. Waya alipekua karatasi zake muda mrefu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mlango wa nne." Nikaomba wamuulize habari za kioo. Akatoa agizo la kukifanya, la maandishi, lenye sahihi ya Mkuu. Alikuwa amelidai kabla ya kugusa swichi. Mkuu hakusema tena kwa upole. Amesimamishwa kazi, faili la mjane limerudishwa, na mimi nimeambiwa niendelee na kazi.

Niliwaza sana juu ya agizo hilo, Mjomba. Waya alidai karatasi. Wewe ulikisogeza kikombe.

Sehemu ya pili sikumsomea Mama. Nilitii. Niliiacha kwenye meza ya jikoni chini ya kikombe cha bluu, nikaenda kuoga.

Nilipotoka alikuwa amevaa viatu. Hakulia. Aliniuliza tu mpiga chapa anakaa nyumba gani siku hizi, nikamwelekeza, akateremka ngazi zote bila kulitaja goti. Alirudi jioni. Sikusikia walichoongea. Alikuja na mkungu mzima wa ndizi, macho yamevimba, akaketi akazimenya moja moja kama anayemenyea wageni.

Kisha akasema, "Mwandikie mjomba wako."

Nikauliza nimwandikie nini.

"Mwambie barua hii asiijibu. Apande gari aje aketi hapa," akagonga kiti kilicho mbele yake, "aniambie kwa mdomo wake."

Kikombe amekiosha, amekiweka mbele ya kiti hicho. Sijui ana maana gani, na nimeogopa kumuuliza.

Bahasha hii sijaweka uzi.

Mpwa wako